Tupeane uzoefu: chupa za maji na vyombo vya mbegu kwa finchi, mliwazoeshaje?

Habari zenu wafugaji wenzangu. Niko Tanga, nafuga finchi pundamilia, ndege wadogo wanaokula mbegu. Walikuwa sita, sasa watano. Dume mmoja nimempoteza wiki mbili zilizopita, na kilichoniuma ni kwamba amekufa njaa mbele ya chombo nilichokiona kimejaa.

Nilikuwa nimenunua kile chombo cha mrija: mbegu unazijaza juu, zinashuka zenyewe hadi kwenye kidomo cha chini. Nikaondoa kisahani cha zamani siku hiyohiyo. Kila nikipita barazani natazama, naona kidomo kimejaa, mrija nao umejaa, naendelea na kazi zangu. Siku ya pili jioni nikamkuta dume chini ya tundu, manyoya kayatutumua, macho nusu. Hakufika asubuhi. Ndipo nikakivua chombo, nikakipuliza kwa mdomo. Makapi yote yaliruka, chini yake hapakuwa na punje hata moja. Finchi humenya kila mbegu na kuliacha ganda palepale, kwa hiyo juu panaonekana kumejaa uwele kumbe ni maganda matupu. Na kwenye shingo ya mrija mbegu zilikuwa zimegandana na vumbi kwa unyevu wa bahari, hazishuki tena. Ndege mwenyewe uzito wake gramu kumi na mbili hivi. Mwili wa hivyo hauna akiba ya kungojea nizinduke.

Tangu siku hiyo napuliza makapi asubuhi na jioni, nagonga mrija kwa kidole mpaka nione mbegu zinashuka, na kisahani cha zamani nimekirudisha. Sasa nataka nibadilishe na chombo cha maji, ila naogopa kurudia kosa. Naombeni mwenye uzoefu aeleze ametumia chombo gani na amewazoeshaje.

Mdau wa Mombasa

Pole sana kaka, hilo la makapi limetuuma wengi.

Mie nitasema ya chupa ya maji. Nilinunua ile yenye kigololi mdomoni, ya kunyweshea sungura na panya wa kufuga. Muuzaji aliniambia yafaa mnyama yeyote. Niliitundika jioni, nikatoa bakuli, asubuhi nikaenda kazini. Niliporudi alasiri tundu lilikuwa kimya, na finchi pundamilia ukimsikia yuko kimya jua kuna jambo, maana wale hawaishi kupiga kelele. Wote wanne walikuwa kwenye kijiti kimoja wamejikunyata. Nikarudisha bakuli. Wallahi walishuka kabla sijatoa mkono.

Hapo ndipo nilipokaa nikawatazama wanavyokunywa. Kuku huchota maji akainua kichwa yateremke kooni. Finchi pundamilia sivyo: huzamisha mdomo akafyonza moja kwa moja kama njiwa, kichwa kiko chini. Basi yeye hutafuta uso wa maji. Kile kigololi chatoa tone tu, tena mpaka akiguse, na hana habari kwamba ndani mna maji.

Niliamua kuwafunza polepole. Niliacha bakuli pale pale, chupa nikaifunga kando yake, usawa wa kijiti wanachokipenda. Kila asubuhi nikikigusa kigololi tone moja lining'inie, jua lilimulike. Siku ya nne jike mmoja alilidonoa lile tone. Akasita, akalidonoa tena. Wengine walikuwa wakimtazama yeye, wala si chupa. Ilichukua siku kumi kabla sijawaona wote wanne wakinywa, mmoja mmoja, kwa macho yangu. Ndipo nikatoa bakuli.

Lakini mwaka huu nimeiacha ile chupa. Kigololi kilikwama kwa chumvi za maji yetu ya kisima, nikabahatika kukigusa mapema. Sasa natumia chupa yenye kidomo wazi chini, maji yaonekana. Kwa finchi naipenda hii zaidi, na simshauri mtu ahangaike na kigololi.

Mdau wa Muscat

Dada wa Mombasa umenena kweli. Nami nina hiyo yenye kidomo wazi, lakini ina tabia yake na joto la huku lilinifundisha.

Ile chupa hushika maji kwa sababu hewa haiingii juu. Maji yakipungua kidomoni hewa inapanda povu moja, maji yanashuka kidogo, yanasimama. Mie niliiweka rosheni ya nje upande wa mashariki. Jua likiipiga, hewa iliyo juu ndani ya chupa inatanuka, inayasukuma maji yatoke. Asubuhi nimejaza, saa nne chini ya tundu kumelowa na chupa haina kitu. Nilidhani imepasuka, nikanunua nyengine, nayo ikafanya vilevile. Nilipoihamishia kivulini ikatulia. Hata ikikaa kivulini, ifungwe wima kwa waya, maana ikiinama kidogo tu hewa inaingia na maji yote yanamwagika.

Jengine ni ukijani. Chupa nyeupe juani haimalizi siku tatu haijaota utelezi ndani. Mimi nabadilisha maji kila siku, naisugua kwa brashi nyembamba na siki, nasuuza mpaka harufu iishe. Na si maji ya jana kuyaongezea juu, nayamwaga yote.

Kuna watu wataniambia finchi pundamilia asili yake ni nyika kavu za Australia, kwa hiyo anastahimili kiu. Asili yake ndiyo hiyo. Lakini kule akikosa maji anaruka kwenda kuyatafuta, na kwangu amefungiwa, anakula mbegu kavu, nje joto limepita 40. Ukimuona amefungua mdomo na mbawa kaziachanisha na kiwiliwili, huyo amezidiwa na joto. Mie nina chupa mbili kila tundu kuanzia Mei. Moja ikishindwa, ipo ya pili.

Mdau wa Nairobi

Mimi shida yangu ilikuwa kwenye mbegu. Nina ndege wanane na nilikuwa na chombo kimoja kizuri chenye paa la plastiki ili mbegu zisirushwe. Kwanza waliliogopa lile paa, hakuna aliyeingiza kichwa. Nikakumbuka kwamba hawa kwa asili hula wakiwa chini, ardhini. Nikakivua paa, nikakiweka sakafuni mwa tundu, nikanyunyiza ulezi ukingoni na pembeni. Walianza kuokota pembeni, wakasogea ukingoni, kesho yake wakawa ndani. Baada ya siku tatu nikakipandisha kidogo, halafu tena kidogo, hadi kikafika kwenye kijiti. Paa nikarudisha mwisho kabisa.

Ndipo nikagundua jambo lingine. Dume mmoja alijimilikisha chombo. Anakaa pale mlangoni, kila anayekuja anafukuzwa. Jike mmoja akaanza kukonda, ukimshika mfupa wa kifua unausikia kama ncha ya kisu. Nikaongeza chombo cha pili mwisho mwingine wa tundu, mbali kabisa ili asiweze kulinda vyote viwili. Yule jike alirudisha mwili. Kwa hiyo mimi nikiulizwa chombo kipi ni bora, nauliza kwanza una ndege wangapi.

Mdau wa Dodoma

Naomba niongezee kuhusu makinda, kwa sababu hili nalijutia.

Kinda hutoka kiotani akiwa na siku kama 18 hadi 20. Anaruka vibaya, anatua popote. Wangu mmoja alitua ndani ya bakuli la maji lenye kina cha vidole vitatu, nikamkuta asubuhi amezama. Tangu hapo kila bakuli langu nalijaza kokoto safi mpaka maji yabaki kina cha ukucha. Wanakunywa na wanaoga bila hatari.

Na jingine: wazazi huendelea kuwalisha makinda mpaka kama siku ya 35. Kipindi hicho msibadilishe chombo chochote. Mzazi akisitasita kwenye chombo kipya, njaa inawafikia wao na watoto. Ngojeni makinda wajitegemee, na wakizoea kwa kuwaona wazazi wakila na kunywa hutakuwa na kazi tena.

Mbegu huku kwetu ni uwele na ulezi tu, nazipepeta kwenye ungo kwanza vumbi litoke. Zikiwa safi mrija haugandi. Mtama punje yake ni kubwa kwao, wanaiacha.

Mleta mada

Asanteni nyote, nimesoma kila neno. Kuna ndugu ameniuliza pembeni kama afanye hivihivi kwa chiriku aliowanasa shambani. Ndugu yangu, hawa ninaozungumzia wamezaliwa tunduni, wazazi wao vilevile. Ndege wa porini wanalindwa na sheria, kwa Tanzania ni ile ya wanyamapori ya 2009 na Kenya ni ya 2013, na kumfuga bila kibali ni kosa. Tena yule aliyezoea mto anapata taabu zaidi kutambua maji ndani ya plastiki. Tafadhali mrudishe alikotoka.

Nimefanya hivi. Nimenunua chupa mbili za kidomo wazi. Nilizijaza na kuzitundika nje ya tundu usiku kucha, nione kama zinavuja kabla hazijawa tegemeo la ndege. Moja ilivuja, nikaiacha. Nzima nimeifunga Jumapili asubuhi, siku ambayo niko nyumbani, upande wa kivuli, kando ya bakuli na mbali na kijiti kinachoachia kinyesi. Bakuli nimetia kokoto. Mfupa wa dome (yule mnyama wa bahari wa jamii ya ngisi) nilioukuta ufukweni nimeuchomeka jirani na chupa, kwa sababu wanapenda kuudonoa na utawavuta upande ule.

Nimeweka daftari barazani. Dume mkubwa alikunywa siku hiyohiyo. Wawili wakafuata Jumatatu. Wa nne jana. Jike mweupe, yule aliyekuwa mwenza wa marehemu, alikuwa anakwenda bakulini tu. Leo saa mbili na robo asubuhi amesogea kwenye kijiti cha chupa, akakaa muda mrefu, kisha akazamisha mdomo. Nimeona povu likipanda ndani ya chupa. Nimeandika jina lake.

Bakuli bado sijalitoa. Nitangoja nimuone tena kesho na keshokutwa.