Hemedi Anaondoka Jumamosi

Kikundi: WANA WA MAKORORA 🌴

Mama Hemedi: Asalaam aleikum wana wa nyumba. Hemedi anaondoka Jumamosi alfajiri, anakwenda chuo Dodoma. Mwenye neno aliseme sasa, asije akasema tulimficha.

Shangazi Zaina: Waaleikum salaam. Mashallah! Hongera wifi yangu. Kozi gani vile?

Hemedi: Shikamooni. Ualimu shangazi, fizikia na hisabati. UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma.

Shangazi Zaina: Marahaba baba. Hisabati umetoa kwa nani, maana huku kwetu sote tulikimbia.

Mama Hemedi: 📷 Picha
Hivi ndivyo vitu vyake. Nimesahau nini?

Mama mdogo Tatu: Dada, huyu anakwenda kusoma au anahama na mke? Jiko la mafuta, sufuria tatu, ndoo mbili, mchele kilo ishirini!

Mwanaidi: Shikamoo mamkubwa. Mimi ninayesoma huko huko nawaambia, jiko liache kabisa. Hosteli hawaruhusu kupika chumbani, wakilikuta wanachukua. Na mchele ataupikia wapi? Ndoo Dodoma zimejaa, atanunua akifika. Kuhusu godoro Hemedi asome ile barua ya maelekezo ya kujiunga, imeandikwa cha kuleta.

Mama Hemedi: Marahaba mwanangu. Na ng'onda, wale samaki wakavu?

Mwanaidi: Ng'onda zije 😂 Ila zifungwe vizuri, chumba tunakaa watu wengi na si wote wa pwani.

Babu: 🎤 Ujumbe wa sauti 3:42

Mama mdogo Tatu: Kwa msioweza kufungua: baba anasema Chimwaga anaijua, alifika kwenye mkutano mkuu wa chama mwaka 1995, hata chuo hakijaanza. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya usiku nusura imtoe roho. Mtoto abebe koti. Dakika zilizobaki anamsema dereva wa basi la mwaka huo.

Mwanaidi: Babu yuko sawa. Sasa hivi atakuta joto na vumbi, lakini Juni na Julai upepo wa kule si wa mchezo. Blanketi zito, na mafuta ya kupaka, midomo inapasuka.

Hemedi, mambo ya nguo yaache. Cha kubeba mkononi, si kwenye begi la chini ya basi, ni bahasha ya karatasi. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, matokeo ya sita, barua ya udahili, fomu ya daktari iliyogongwa muhuri, picha ndogo, namba ya NIDA. Halisi na nakala. Kadi ya bima kama unayo. Kama huna utalipia ile ya wanafunzi. Wenzio watakaa kwenye foleni ya usajili kutwa nzima, wakifika dirishani wanaambiwa fomu ya daktari haina muhuri.

Hemedi: Fomu nimejaza hospitali ya Bombo wiki iliyopita. Muhuri upo.

Ami Bakari: Shemeji salaam. Mimi nauliza, si mtoto amepata mkopo? Sasa mbona naona mnachangishana pesa tena pembeni?

Mama Hemedi: Nani kakwambia tunachangishana?

Ami Bakari: Tatu kanipigia.

Mama mdogo Tatu: 🙈

Mwanaidi: Ami shikamoo. Hapo ndipo watu wengi wa nyumbani wanapokosea, naomba nieleze kidogo.

Mkopo upo, jina lake liko kwenye orodha ya Bodi ya Mikopo, sawa. Lakini siku anashuka kwenye basi, mfukoni hakuna kitu. Lazima asajiliwe kwanza, chuo kithibitishe kwamba yupo, asaini, ndipo pesa ya kujikimu iingie. Kwa mwaka wa kwanza hiyo huchukua wiki kadhaa. Hizo wiki anakula nini? Kwa hiyo mchango ni wa hapo, wa kula mpaka boom litoke. Tusimpe pesa ya viatu.

Shangazi Zaina: Boom ndiyo nini?

Mwanaidi: Ndiyo hiyo pesa ya kujikimu, shangazi. Bodi inahesabu 10,000 kwa siku, chakula na malazi humo humo. Ila haitoki kila siku wala kila mwezi. Inakuja kwa mkupuo wa kama miezi miwili, laki sita kwa mpigo. Mtoto hajawahi kushika laki moja yake mwenyewe, anaamka asubuhi ana laki sita kwenye simu!

Wiki hiyo chuo kizima kinang'aa. Viatu vipya, simu mpya, chipsi kuku usiku wa manane, vijana wanabeti timu za nchi ambazo hawawezi kuzionyesha kwenye ramani. Ikifika wiki ya sita unamkuta mtu anazunguka vyumbani anaomba sukari. Hawa siwasikii kwa watu, wanagonga mlango wetu.

Ami Bakari: Basi pesa zake aniletee mimi nimtunzie. Nampa kila Jumatatu kama mshahara.

Mama Hemedi: Wewe Bakari? Mchango wa kitchen pati ya Saumu mpaka leo tunausubiri.

Ami Bakari: 😂😂 Shemeji yale yalishapita.

Mwanaidi: Mimi nafanya hivi. Likiingia tu, siku hiyo hiyo nalipa deni la chumba, nanunua vitu vya kukaa, yaani sabuni, madaftari, bando la mwezi. Inayobaki naigawa kwa wiki, naiweka kwenye akaunti ambayo haina kadi, na kila Jumapili natoa ya wiki moja. Kuna wiki nashindwa kujizuia, sitaki kudanganya. Lakini sijawahi kuomba sukari.

Ami Bakari: Na hiyo pesa ni deni, Hemedi, usije ukaila kama sadaka. Ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka iishe.

Hemedi: Nimeelewa ami. Da Mwanaidi, jana nimepata ujumbe huu:
"Ndugu mwanafunzi mkopo wako umekwama hatua ya mwisho. Lipia 30,000 kwa namba hii tukusaidie. USIMWAMBIE MTU."

Mwanaidi: Matapeli hao, futa! Malipo yote ya chuo na ya Bodi ni kwa kontroli namba, unaitoa mwenyewe kwenye akaunti yako ya mfumo. Hakuna ofisa anayetaka pesa kwenye namba ya mtu. Na akaunti yako ya Bodi, nywila yako usimpe mtu yeyote, hata wa chumbani kwako.

Kaka Juma: *Imetumwa mara nyingi* 
Tuma ujumbe huu kwa watu 20 upate GB 50 za bure za wanafunzi...

Mama mdogo Tatu: Juma!!! Tumetoka kuzungumza nini hapa?

Kaka Juma: Samahani, sijasoma huko juu.

Hemedi: Da Mwanaidi, na masomo yenyewe? Maana JKT miezi yote ile tulikuwa tunakimbia tu, hata kutafuta eneo chini ya mstari wa grafu nimesahau.

Mwanaidi: Nilikuwa nasubiri uulize, watu wameshikilia ng'onda tu 😅

Shuleni mwalimu alikuwa anakufuata mpaka bwenini. Kule unaweza usiende kipindi mwezi mzima na hakuna atakayekuuliza. Mhadhiri ana watu mamia mbele yake, jina lako halijui. Wengi wanaudhani huo ndio uhuru. Majaribio na asaimenti vina alama 40, mtihani wa mwisho, ndiyo UE, 60, na zile 40 zinaanza kukusanywa mapema, wakati wengine bado wanapiga picha kwenye mabango. Ukifika kwenye UE na kumi na tano mkononi, fizikia haitakuonea huruma. Ni sapu, mtihani wa kurudia, na sapu unaifanya wakati wenzio wako likizo Tanga wanaogelea Raskazone. Zikizidi unadisko, unarudishwa nyumbani.

Halafu kuna uongo mmoja utausikia siku ya kwanza, kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea. GPA, yaani wastani wa alama zako, inahesabu miaka yote. Daraja la kwanza linaanzia 4.4, na ukianza na mbili na nusu, mwaka wa tatu mzima unafukuzia tu. Muulize mtu yeyote wa mwaka wangu.

Hemedi: Madesa je, zile notisi na maswali ya kurithi? Rafiki yangu kaniambia nitafute ya miaka iliyopita, yanatosha.

Mwanaidi: Tafuta, hata mimi nitakupa. Yanakuonyesha maswali yanavyokuja. Lakini mtu anayesoma desa peke yake anajulikana kwenye mtihani, mhadhiri akigeuza swali kidogo tu anabaki anatafuna kalamu.

Hemedi: Kingine ni kuongea mbele za watu. Kuandika Kiingereza naweza. Kusimama niwasilishe, naogopa.

Ami Bakari: Weye? Uliyekuwa unatangaza mpira hapa barazani mpaka majirani wanazima redio?

Mwanaidi: Ongea kwenye semina ya kwanza kabisa, hata sentensi mbili. Ukinyamaza wiki tatu, ya nne mdomo unakuwa mzito zaidi. Wote wanaogopa, hata wale wa shule za gharama. Na ukikwama nenda ofisini kwa mhadhiri saa alizobandika mlangoni. Hakuna anayekwenda, kwa hiyo utamkuta ana nafasi.

Mama Hemedi: Mimi hayo ya alama siyajui. Akiumwa? Akipata upweke? Hajawahi kulala mbali, JKT walikuwa kundi.

Mwanaidi: Mamkubwa, wiki za mwanzo atapata upweke, sikufichi. Mimi nililia kwa ajili ya wali wa nazi. Kuna ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, anakwenda tu, si mpaka afanye kosa. Na mimi nipo, ingawa vitivo viko mbalimbali, kutoka kwangu mpaka kwake ni kupanda daladala. Kila Ijumaa tutaonana.

Mama Hemedi: Basi anipigie kila siku.

Shangazi Zaina: Wifi, mara mbili kwa wiki inatosha. Ukimpigia kila siku ataanza kukudanganya kwamba yuko darasani.

Mama Hemedi: Mara tatu.

Hemedi: Mara tatu mama. Sawa.

Babu: 🎤 Ujumbe wa sauti 0:09

Mama mdogo Tatu: Anauliza koti limepatikana?

Hemedi: Limepatikana babu.

Ami Bakari: Jumamosi saa kumi na moja nakuja na bajaji, nakupeleka stendi ya Kange. Na nimekutumia kitu, angalia simu.

Hemedi: Ahsante sana ami! Ila Tatu alisema umeahidi hamsini. Hapa imeingia ishirini.

Ami Bakari: Thelathini nitatuma ukinitumia ratiba ya majaribio. Iwe na tarehe.

Mwanaidi: Ami 👏👏👏

Mama mdogo Tatu: Na tangu lini mimi ni "Tatu" kwako, Hemedi?

Hemedi: Samahani mama mdogo 🙏