Mrejesho: Sass imekubali

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini nikibadilisha rangi kwenye faili langu la Sass (lugha ya kuandikia mwonekano wa tovuti, ambayo hugeuzwa kuwa CSS) ukurasa unabaki vilevile. Mkaniambia kivinjari hakisomi .scss (faili la Sass), kinasoma CSS tu. Nami nilikuwa nimeunganisha faili la .scss moja kwa moja kwenye HTML. Tatizo lilikuwa hilohilo. Sasa naacha terminali (dirisha la kuandikia amri) wazi ikiendesha sass --watch scss:css, kila nikisevu CSS mpya inatoka yenyewe.

Kilichonisumbua siku mbili ni @import, amri ya kuingiza faili moja la Sass ndani ya jingine. Mafunzo ya zamani yamejaa hiyo, lakini tangu toleo la 1.80 la Sass inatoa onyo kwamba itaondolewa. Nikahamia @use, amri inayochukua nafasi yake, nikakutana na kosa kwamba kigeu (jina linalotunza thamani, mfano rangi) hakijulikani. Kumbe jina la faili lazima litangulie: faili likiwa _rangi.scss, unaandika rangi.$kuu, siyo $kuu peke yake. Kwa kweli ni bora hivi, maana ukisoma mstari unajua papo hapo kigeu kimetoka wapi.

Jana mama alitaka kijani cha tovuti ya duka lake kikolee. Nimegusa mstari mmoja, vitufe na vichwa vyote vikafuata. Nimefurahi mno. Asanteni sana.