Kazi ninayo, lakini sioni ninaishi kwa ajili ya nini

Muuliza swali, Kibirizi, Kigoma

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa rika langu. Nilisomea ualimu, ajira ikachelewa, na sasa ninatunza hesabu za mjomba wangu anayenunua dagaa katika mwalo wa Kibirizi. Alfajiri mitumbwi inapoingia ninaandika idadi ya ndoo, kisha ninasimamia uanikaji hadi dagaa wakauke na kufungwa kwenye magunia. Riziki inapatikana, namshukuru Mungu. Hata hivyo, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti mwaka 2024 ili samaki wazaliane, wavuvi walikuwa wakilitaja ziwa kama ndugu aliyesafiri, ilhali mimi nilibaini kwamba hapakuwa na kitu nilichokikosa isipokuwa fedha. Tangu hapo ninajiuliza mtu hutambuaje kusudi la maisha yake. Wapo wanaoniambia nifuate moyo wangu, lakini moyo wenyewe hausemi kitu.

Mwalimu mstaafu, Tabora

Marahaba, mwanangu. Ushauri wa kufuata moyo sijawahi kuukubali, kwa sababu unamfanya kijana akae akisubiri sauti. Mwalimu Nyerere alianza kufundisha hapa Tabora, katika shule ya St. Mary's, mwaka 1946, na akiwa mwalimu akashiriki shughuli za TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika kilichogeuzwa kuwa TANU mwaka 1954. Uamuzi wa kuacha ualimu na kuitumikia TANU moja kwa moja aliufanya mwaka 1955. Karibu miaka kumi ilipita, na katika miaka hiyo alikuwa kazini, akisoma, akijadiliana na watu na kuyaona matatizo yao kwa karibu. Kwa maoni yangu kusudi hukomaa hivyo, ndani ya shughuli. Wewe unakaa mwaloni kila siku na una elimu. Ni jambo gani pale linalokukera, ambalo wengine wamekwisha kulizoea?

Muuguzi, Kigoma mjini

Naunga mkono, ila nina swali la kitaalamu kabla hatujafika mbali. Ndugu, unalala vizuri? Chakula unakifurahia? Mtu akipoteza hamu ya mambo yote kwa wiki mbili au zaidi, hata yale aliyoyapenda, huenda anaugua sonona, na sonona hutibiwa. Ikiwa hali yako ndiyo hiyo, nenda kituo cha afya au Hospitali ya Maweni uzungumze na mhudumu, kwa maana mgonjwa hawezi kuitwa mtu asiye na malengo.

Mama muanikaji, Kibirizi

Mwalimu, naomba nitofautiane nawe kidogo. Mimi ninaanika dagaa, ninawageuza juani na kukimbia kuwafunika mvua inapotisha, na sijawahi kutafuta maana ya maisha yangu ndani ya dagaa. Maana yangu ni wanangu, majirani zangu na kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Kazi inaweza kubaki kuwa kazi, na hilo si aibu. Lakini umeuliza kuhusu kinachokera, nami nitamjibia kijana: wanawake wengi hapa tunaanika kwa malipo ya baadaye, na siku ya kulipwa anayeshika daftari ndiye anayesema tunadai kiasi gani, kwa kuwa baadhi yetu hatuwezi kuisoma hesabu hiyo. Mwanangu, wewe ni mwalimu na daftari unalijua.

Muuliza swali

Ninawashukuru. Ninalala vizuri, dada muuguzi, na mpira bado naufurahia. Mama, daftari ninalolishika ni la mjomba, kwa hiyo nitazungumza naye kwanza asije akadhani ninawachochea watu dhidi yake. Akiridhia, mngependa tuanze na kusoma au na hesabu?

Mama muanikaji, Kibirizi

Hesabu. Tunakutana Ijumaa alasiri, na daftari letu la kikundi lipo, kwa hiyo tunaweza kuanza na hilo hata kabla mjomba wako hajajibu.