Mguu unauma miezi mitatu, eksirei ya goti inasema sina kitu. Nianzie wapi?

Mleta uzi: Wakuu, habari zenu. Sikuanguka wala sikugongwa. Maumivu yanaanzia kwenye tako la kulia, yanashuka nyuma ya paja hadi upande wa nje wa kigimbi, kama shoti ya umeme. Nikikaa sana ndiyo balaa. Jana nimeinama kuvaa kiatu, chafya ikanijia. Nilibaki nimeshika ukuta. Umri miaka 41. Nimechoka kumeza dawa za maumivu.

Kiguu na njia: Pole mkuu. Goti umelisingizia bure, tatizo naliona kiunoni. Diski ya uti wa mgongo ikichomoza inabana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni, na chafya inaongeza presha palepale. Yalinikuta. Wengi hupona bila kisu, ila usilale kitandani siku nzima, tembea kidogo kidogo.

Bint wa pwani: Wa mzee wangu ulikuwa tofauti. Akitembea kidogo kigimbi kinakaza, anasimama na kujifanya anasoma meseji, dakika mbili tatu kinaachia. Kumbe mishipa ya damu imeziba (sigara hizo). Daktari alimpima presha ya mkononi na ya kifundoni, akalinganisha.

Mti mkavu: Kanda na maji ya moto, utalala fofofo.

Nesi mstaafu: Taratibu na kukanda, jamani. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuwa wa moto, hasa baada ya upasuaji au safari ndefu ya kukaa, huenda damu imeganda ndani, na bonge hilo likifika kwenye mapafu linaua. Hapo ni hospitali, siyo kukanda. Nyayo zote mbili zikiwaka moto usiku, pima sukari. Mleta uzi, wewe una ganzi popote? Na mkojo unatoka kawaida? Hebu simama kwa visigino.

Mleta uzi: Kidole gumba kina ganzi tangu wiki iliyopita. Nimejaribu visigino sasa hivi: wa kushoto unakaa, wa kulia unyayo unashuka wenyewe. Mkojo uko sawa. Nitaenda wiki ijayo nikipata nafasi.

Nesi mstaafu: Wiki ijayo ya nini, mwanangu? Huo mshipa umeanza kulegeza misuli. Nenda leo, na wakikuuliza kinachouma, anza na kiuno. Usilitaje goti.