Uzi: Shawa ya umeme inanipiga shoti, tepu gani inahimili maji?

MamaJ_Sakina: Wakuu, habari. Naomba ushauri wa haraka, baridi ya Julai hapa Arusha mnaijua. Shawa ya 5.5 kW inanipiga shoti kila asubuhi nikigusa bomba. Fundi anakuja kesho kufunga tepu kwenye kiungio cha waya. Ninunue ipi?

Volti230: Dada, waya saizi gani? Kiungio kiko wapi?

MamaJ_Sakina: 2.5 mm², kiungio kiko ndani ya ukuta. Ila waya ni kopa nzuri.

Njiro_Juu: 5.5 kW kwa volti 230 ni ampia 24. 2.5 ni mwembamba kwa mzigo huo. Vuta waya wa 6 mm² mzima toka breka ya 32A, bila kiungio. PVC ya kawaida, plastiki inayofunika waya, huvumilia nyuzi joto 70. Ikizidishiwa moto inakauka na kupasuka. Gundi ya tepu nayo hulegea, unyevu wa plasta unaingia.

Babu_Ngarenaro: Bafuni wanaoga watoto, mama. Usitafute rahisi.

Kipimo: Mimi siamini. RCCB ya 30 mA, swichi inayokata umeme ukivuja, ikiwa nzima na ethi (waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini) ipo, bomba halikai na umeme, inakata. Kila asubuhi shoti na hakuna kilichokata? Umetunga.

MamaJ_Sakina: Sijatunga! RCCB ilikuwa inakata kila nikifungua maji, fundi akairuka, akaunga moja kwa moja. Tungeogaje? Na tepu nimeshanunua.

Volti230: Zima breka ya shawa sasa hivi, asioge mtu. Shawa nyingi za bei nafuu koili yake iko uchi ndani ya maji, na maji ya Arusha yana madini, floridi ikiwemo, kwa hiyo yanapitisha umeme. Tafuta yenye elementi ya bomba: koili imezungushiwa unga wa magnesiamu oksaidi, unapitisha joto na kuzuia umeme. Bomba hilo la elementi likipata ufa unga unanyonya maji, RCCB inakata, na iko sahihi. Kesho fundi afungue waya kwenye shawa, apime kwa Megger (kipima uzima wa plastiki ya waya) ya volti 500, laivu na nyutro pamoja dhidi ya ethi. Ikisoma chini ya megaohmu 1, waya umekufa. Ikisoma vizuri, ubaya uko kwenye shawa. RCCB irudi kabla ya kufungua maji.

MamaJ_Sakina: Ethi ndiyo ile ya kijani na njano? Waya zilizoingia bafuni ni mbili tu, nyekundu na nyeusi.

Kipimo: Basi nakuamini, dada. Hiyo tepu irudishe dukani, nunua waya wa tatu, wa ethi.