Mnaouza kozi za taroti, acheni kuwasingizia Wayahudi!

Wakuu, jambo hili limenikaba koo wiki nzima, leo nalitoa lote.

Nililipa 80,000 ya kozi ya taroti, zile karata za picha za kupigia ramli, ya wiki sita, inafundishwa kwenye kundi la WhatsApp. Somo la tatu mwalimu akatwambia kwamba wahenga wa Kiyahudi walizificha herufi zao 22 za Kiebrania ndani ya zile picha 22 kubwa za taroti ili zisipotee. Akatuma picha ya Mchawi, yule mwenye mkono mmoja juu na mwingine unaoelekea chini, kamchorea mistari myekundu: "Mnaiona Alefu hapo?" Yaani herufi ya kwanza ya Kiebrania. Watu wakajaza alama za moto.

Nikauliza kwa adabu: mwalimu, jedwali ulilotupa wiki iliyopita linasema Mchawi ni Bethi, herufi ya pili, na Alefu ni ya picha ya Mjinga. Tushike lipi? Sikujibiwa. Dakika kumi baadaye nikawa nimeondolewa kundini, na hela yangu imeenda na maji.

Basi nikaanza kusoma mwenyewe, na hasira ndipo zilipopanda kweli.

Taroti ilizaliwa kaskazini mwa Italia karne ya 15, ikiwa mchezo wa karata. Mnaocheza karata mtanielewa haraka: zile picha kubwa ni turufu, kazi yake kula karata nyingine. Tena turufu zenyewe ni 21. Mjinga hayumo kwenye safu. Ukimtoa unasamehewa kufuata karata iliyochezwa, basi. Kwa hiyo hata hiyo 22 mnayoimba mnaipata kwa kumjumlisha asiyekuwa turufu. Karata za zamani kabisa zilizochorewa watawala wa Milan, akina Visconti na Sforza, hazina namba wala herufi yoyote ya Kiebrania, na mpangilio wa turufu ulitofautiana mji kwa mji. Bologna Malaika ndiye aliyekuwa juu ya wote, Milan ni Dunia. Sasa hiyo siri ya alfabeti ilifichwa kwa mpangilio wa mji gani?

Hadithi ya herufi imeanza Paris mwaka 1781, kwenye kitabu cha Court de Gébelin aliyedai taroti ni ya Misri ya mafarao. Humo humo comte de Mellet akazifunga picha na herufi za Kiebrania, tena kwa kurudi nyuma: Dunia ndiyo Alefu! Kufikia miaka ya 1850 akaja Éliphas Lévi, mwandishi Mfaransa wa mambo ya uchawi, akageuza, Mchawi akawa Alefu na Mjinga akasukumwa hadi Shini, herufi ya pili toka mwisho. Mwaka 1888 kikaanzishwa chama cha siri cha Golden Dawn huko London, nao wakampeleka Mjinga mwanzoni, wakabadilishana nafasi za karata za Nguvu na Haki ili zikae sawa na nyota zao. Crowley, aliyetoka humo humo, naye akabadilishana herufi za Kaizari na Nyota. Siri ya wahenga gani hii ambayo kila anayeishika anaipanga upya?

Rudini sasa kwenye picha ya mwalimu wangu. Ile ilichorwa na Pamela Colman Smith, ikatoka 1909, chini ya mwandishi A. E. Waite aliyelelewa na Golden Dawn. Kwa hesabu ya chama hicho Mchawi ni Bethi! Hoja ya mikono inayofanana na Alefu ni ya Lévi, aliyekuwa akiangalia karata za kale za Ufaransa zenye mfanya mazingaombwe na meza yake. Mwalimu kaunganisha vitu viwili vinavyopingana, kaviuza kwa bei moja. Na hizo herufi nne za Kiebrania kwenye Gurudumu la Bahati msiniletee kama ushahidi. Ziliwekwa 1909 na watu waliokwisha kumsoma Lévi.

Mkitaka kuona Kiebrania kinavyopangwa kwa herufi kweli, fungueni Zaburi 119. Mafungu 22, kila fungu aya nane, na kwa Kiebrania aya zote nane za fungu la kwanza zinaanza na Alefu, za pili Bethi, hadi Tavu, ya mwisho. Hakuna aliyeificha, mtoto anayejifunza kusoma anaiona.

Kinachoniuma zaidi ni dharau. Kwenye jedwali lile lile Kaizari amepewa He, lakini iliyochapwa ni Hethi. He mguu wake wa kushoto haugusi paa, pana upenyo, Hethi umeungana. Mtu hajui hata kutofautisha herufi mbili, anatoza watu hela kuwafundisha siri za herufi hizo.

Nataka hela yangu, na najua unasoma hapa. Na yeyote mwenye karata ya taroti ya kabla ya 1781 iliyoandikwa herufi ya Kiebrania, aweke picha tuione.