Egēgertai katika 1 Wakorintho 15: "alifufuka" au "amefufuka"?

Msomaji, Kisumu
Salamu kwenu. Hapa Kisumu tuko wachache tunaosoma Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho kwa Kigiriki, nasi tumekwama katika sura ya 15. Kwenye aya ya 3 na ya 4 Paulo anatumia vitenzi apethanen, etaphē na egēgertai, na Biblia ya Union inavipa vyote kiambishi -li-: alikufa, alizikwa, alifufuka. Mbona basi hicho cha tatu kina umbo la peke yake?

Mwalimu wa lugha, Nakuru
Ndugu, viwili vya kwanza ni aoristo, yaani tukio linatajwa kwa ujumla wake na kuachwa hapo. Egēgertai, kutokana na egeirō, ni hali timilifu, kauli ya kutendwa, nafsi ya tatu umoja. Kwa kawaida hali hiyo huundwa kwa kurudia konsonanti ya mwanzo na kuitia irabu e, kama luō inavyozaa leluka. Lakini baadhi ya vitenzi vinavyoanza kwa irabu hurudia irabu pamoja na konsonanti yake, kisha irabu inayofuata hurefushwa: eg-ēg-er-tai. Maana yake ni kwamba alifufuliwa na yu hai hata sasa, jambo ambalo -me- yetu hulibeba vizuri sana.

Mchangiaji, Kakamega
Nakubaliana na Mwalimu, ila nawatetea wafasiri. Aya ya 4 ina maneno "siku ya tatu", na -me- haipatani na siku iliyokwisha kupita. Hatusemi "mgeni amefika juzi". Katika aya ya 20, penye "sasa", umbo lile lile limefasiriwa "amefufuka".

Msomaji, Kisumu
Ahsanteni. Je, aya ya 13 hadi ya 17, zenye "hakufufuka"?

Mwalimu wa lugha, Nakuru
Umbo ni lile lile, kwani egēgertai imo mara saba katika sura hii: aya za 4, 12, 13, 14, 16, 17 na 20. Kukanusha ndiko kunakotubana, kwa sababu "hajafufuka" ingemfanya msomaji adhani kwamba bado anangojewa kufufuka, na Paulo hasemi hivyo hata kidogo. Kuhusu kauli, mimi ningependelea "amefufuliwa", maana aya ya 15 inamtaja mtendaji waziwazi: Mungu ndiye aliyemfufua Kristo, na hapo kitenzi ni ēgeiren, aoristo ya kauli ya kutenda.